Hatua za Mataruma Mawili

Mwaka ule wa 1971 meza ya wapima saa ilifungwa saa nne kamili asubuhi, kama kanuni ilivyotaka, na aliyeifunga alikuwa Mwalimu Wahome. Wakimbiaji walikuwa wameondoka Kisumu saa kumi na mbili unusu, wakaifuata barabara ya kwenda Ahero hadi kwenye pipa lililopakwa chokaa, wakalizunguka na kurudi: maili ishirini na sita na yadi zake. Kamati ya Mbio za Ziwa ilikuwa imekubaliana kwamba atakayezidisha saa tatu na nusu hatahesabiwa. Basi ilipotimia saa nne, Wahome alipiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho, akafunga daftari, akaagiza meza na viti virudishwe bohari.

Alikuwa amebaki peke yake uwanjani, akiizungusha kamba ya saa kidoleni, alipoona mtu akiingia langoni. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kaptula ya kaki iliyokazwa kwa mshipi, na viatu vya raba vilivyokatwa mbele ili vidole vipate nafasi. Hakuwa akikimbia. Alikuwa akitembea kwa hatua fupi za namna moja, kama mtu anayepanda ngazi asiyojua mwisho wake. Aliuzunguka uwanja mzima hivyo, bila kukata kona hata moja, hadi mahali ambapo majani yalikuwa bado yamelala kwa uzito wa miguu ya meza.

"Meza iko wapi?" akauliza.

"Imefungwa, Mzee. Ilikuwa mwisho saa nne."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Wahome akaitazama saa. "Saa nne na dakika ishirini na moja."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu sahihi la hesabu. "Basi sijafika," akasema, akageuka kwenda zake.

Neno hilo lilimfuata Wahome nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Nyeri, mwenye shahada ya hisabati kutoka Makerere, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa amefundisha Kisumu bila kuonywa na mkuu yeyote. Siku hiyo pia hakuwa amekosea jambo lolote, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Alijaribu kukumbuka ni mara ngapi maishani mwake alikuwa amefanya jambo kubwa, mbali na kutokosea, na hesabu hiyo ikamshinda. Mkewe, Rahab, alimuuliza kama mbio zilikwenda salama. Akajibu kwamba wote waliofika walikuwa vijana, kisha akaona amesema uongo.

Haikuwa vigumu kumpata mzee. Nani Kisumu angemkosa mtu wa miaka hamsini na mitatu akimbiaye? Aliitwa Joram Amolo, mlinzi wa njia ya reli, na aliishi na mkewe katika landi, zile nyumba za mistari walizojengewa wafanyakazi wa reli. Jumapili ya pili Wahome alikwenda huko. Akamkuta mke, Milka, ameketi kizingitini na ungo mapajani, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, waliotoka Usenge.

"Ni wewe wa saa?" Milka akauliza kabla hata ya salamu.

"Ni mimi, Mama."

"Karibu. Baba Lornah! Mtu wa saa amekuja kukufungia mlango na hapa nyumbani."

Joram akatoka akicheka, akamsukumia mgeni kigoda. Hakuwa na kinyongo, na Wahome, aliyekuwa ametunga maneno ya kuomba radhi njia nzima, hakupata pa kuyaweka. Badala yake akasikiliza.

Joram alizaliwa karibu na Usenge, akaingia kazi ya reli mwaka 1944. Tangu wakati huo, kila siku ya kazi, aliamka alfajiri, akabeba nyundo na spana ndefu begani, akaifuata reli kwa miguu kutoka Kisumu hadi Kibos na kurudi, akikaza kilicholegea na kugonga kilichotiliwa shaka. Ni maili sita kwenda na sita kurudi. Wahome, ambaye hakuweza kusikia tarakimu bila kuzizidisha, alipiga hesabu akiwa na kikombe cha chai mkononi. Miaka ishirini na saba. Akairudia, maana jibu lilimtisha: mzee huyu aliyeketi mbele yake katika fulana iliyotoboka alikuwa ametembea karibu maili laki moja. Angekuwa ameizunguka dunia mara nne, na hakuwa amewahi kufika Nairobi.

"Na mbio ulianza lini?"

"Hiyo ni ya juzijuzi tu, mwaka wa sitini na sita," Joram alisema. "Mvua ilinyesha sana huku uwanda wa Kano. Nilifika karibu na Kibos nikaona maji yamebeba kokoto yote, reli inaning'inia hewani kama kamba ya nguo. Na gari la moshi liko njiani linakuja. Nikachukua bendera nyekundu, nikakimbia kulikuta. Maili mbili, Mwalimu, na sikuwa nimekimbia tangu utotoni. Dereva akaniona, akasimamisha. Watu wakashuka, wengine wanalia, wengine wananishika mkono. Lakini mimi nilikuwa nasikia kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Mwili ulikuwa unataka kuendelea."

Milka akacheka akiwa na omena mkononi. "Watu wanastaafu wanapumzika. Huyu anataka kustaafu akikimbia."

Ndipo Wahome alipoelewa jambo lililokuwa nyuma ya yote. Desemba ya mwaka uliofuata Joram angetimiza miaka hamsini na mitano. Angekabidhi nyundo na funguo za nyumba, arudi Usenge. Mbio za Agosti 1972 zingekuwa zake za mwisho katika mji huu. Taarifa ya siku ya mafuriko ilisema tu kwamba gari liliokolewa na "mlinzi wa njia". Jina halikuandikwa, na Joram hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: jina lake juu ya mstari mwekundu, na dakika zake kando yake.

"Dakika ishirini na moja," Wahome alisema. "Nitakusaidia kuzitafuta." Kisha akashangaa kujisikia akiahidi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa amekimbia tangu alipokuwa shuleni.

Kwa majuma kadhaa alisimama kando ya barabara na saa yake, akiandika. Joram alikimbia maili kumi na saba za kwanza kwa mwendo ambao ungemfikisha kabla ya saa nne. Ilipofika ya kumi na nane, alianza kutembea. Alijaribiwa asubuhi ya baridi, alijaribiwa baada ya kupumzika siku mbili, alijaribiwa baada ya kula ugali na baada ya uji mtupu. Maili ya kumi na nane ilimsubiri pale pale. Hakupunguza mwendo kidogo kidogo kama wachokavyo watu wengine. Alikuwa akikimbia, kisha alikuwa akitembea, na katikati hapakuwa na kitu.

Jibu lilipatikana kwa bahati. Asubuhi moja baada ya mvua, kwenye barabara ya udongo mwekundu kupita Mamboleo, Wahome aliinama kufunga kamba ya kiatu akaziona nyayo za Joram zimejipanga mbele yake. Kulikuwa na kitu katika mpangilio huo kilicholigusa jicho la mwalimu wa hisabati. Alikuwa aende darasani moja kwa moja kutoka hapo, na rula ya ubaoni, ile ya mbao yenye urefu wa yadi, ikiwa imefungwa kwenye baiskeli. Akaifungua, akapiga magoti matopeni, akapima toka kisigino hadi kisigino. Inchi hamsini na sita. Akapima iliyofuata. Hamsini na sita. Akapima kumi, akapima ishirini, akapima pale barabara inapopanda na pale inapoteremka. Zote zilikuwa hamsini na sita, na tofauti haikuzidi unene wa kidole. Alikuwa amefundisha maumbo kwa miaka mingi, akiwaambia wanafunzi kwamba ulinganifu kamili hupatikana akilini peke yake.

Mwanamke aliyekuwa akipita na mtungi akasimama kumtazama. "Mwalimu, umepoteza kitu?"

"Nimeokota, Mama," akajibu, bado amepiga magoti.

Kesho yake aliomba kufuatana na Joram kazini. Walipofika nje ya mji aliilaza rula yake katikati ya njia, juu ya mataruma, vile vyuma vinavyolala kukingamana chini ya reli. Toka taruma hadi taruma palikuwa na inchi ishirini na nane. Mawili ni hamsini na sita.

"Kumbe ni hapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa ulitaka nikanyage wapi?" Joram akamcheka. "Kwenye kokoto, nivunje mguu? Nikitembea, nakanyaga kila moja. Nikikimbia, naruka moja. Ndiyo reli, Mwalimu. Haina ingine."

Haikuwa na nyingine kweli, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote. Miguu ya Joram ilijua hatua mbili tu: ya taruma moja, ambayo ni kutembea, na ya mataruma mawili, ambayo ni ndefu mno kwa mapaja ya mzee aliyekwisha kukimbia maili kumi na saba. Yanaposhindwa kuruka mawili, huangukia moja. Alihitaji hatua ya tatu, fupi kuliko ile ya mbio na nyepesi, ya inchi kama arobaini na nne, ambayo ingeweza kumbeba hadi nyumbani.

Wahome alikaa na jambo hilo siku nyingi kabla ya kulisema. Aliyokuwa ameyaona kwenye ule udongo yalikuwa yametengenezwa kwa miaka ishirini na saba, na hapana mtu duniani aliyekuwa nayo. Yeye alikuwa nani hata aende kuyavunja kwa rula ya darasani? Alipomwambia hatimaye, alisema kwa kusitasita, akirudia "labda" na "sina hakika", hadi Joram akamkatiza.

"Nionyeshe tu mahali pa kuitafuta hiyo ya tatu."

Mahali palipatikana Ahero. Anyango, dada yake Joram, alikuwa amepewa shamba katika mradi mpya wa mpunga, na kati ya majaruba palikuwa na kingo nyembamba za udongo mweusi wa Kano, ulio laini na wenye utelezi kama sabuni. Juu ya kingo hizo hatua ndefu haiwezekani. Mguu ukitua mbali, unakukimbia. Kuanzia Januari 1972 walikwenda huko kila Jumamosi, na Jumamosi ya kwanza Joram alianguka majini mara saba.

Wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga waliinua migongo kutazama. "Omera, ndugu yangu!" mmoja akapaza sauti. "Samaki wako kule ziwani, hapa ni mchele!"

"Mwacheni," Anyango akawajibu. "Huyo anaoga. Kule reli hawana maji."

"Na huyo mwenye miwani ni nani?"

"Huyo ndiye anamsukuma!"

Kwa aibu, au kwa haki, Wahome alivua viatu, akapanda kwenye ukingo na kujaribu mwenyewe. Alikwenda hatua nne. Alipotoka majini, akipapasa kutafuta miwani, shamba zima lilikuwa likicheka, na Joram akicheka kuliko wote, amejishika kiuno. Tangu siku hiyo waliitwa Matope Mkubwa na Matope Mdogo, na Wahome ndiye aliyekuwa Mdogo.

Mwezi Machi Joram aliweza kukimbia ukingo mzima bila kuanguka, vidole vikishika udongo, magoti chini, miguu ikienda mbio kama vidole vya mshonaji. Lakini barabarani alikuwa mzito kuliko zamani. Hatua mpya ilimkimbia, na ile ya zamani ilikuja imevurugika. Na mwezi Aprili ikatokea lile Wahome alilokuwa akiliogopa. Akiwa kazini, juu ya njia ambayo miguu yake iliijua kuliko sakafu ya nyumba yake, Joram alitua kwenye kokoto. Kifundo kikapinda. Alirudi kutoka Kibos akichechemea, akiegemea spana.

Wahome alipofika, Milka hakumkaribisha. Alikuwa akikanda kifundo kwa maji moto, na aliongea bila kuinua macho.

"Mwalimu, umemharibu baba Lornah. Miaka yote hiyo hakuanguka kwa reli hata siku moja. Sasa hajui kukimbia na hajui kutembea."

"Ni kweli, Mama," Wahome alisema. "Kosa ni langu. Mzee, tuache. Nilivunja kitu ambacho sikukitengeneza."

Joram akamgeukia mkewe. "Huyu mtu ana elimu nyingi," akasema, "lakini anaogopa kukosea kama mtoto anaogopa giza. Mwalimu, mimi ndiye nimeanguka. Wewe hujaanguka. Mbona unalia mbele yangu?" Akaubonyeza uvimbe kwa kidole gumba, akakunja uso. "Wiki tatu. Halafu tunarudi kwa matope."

Walirudi, na mwezi Juni jambo likajifunga lenyewe, bila yeyote kuweza kusema ni siku gani. Kwenye reli miguu ilirudia mataruma yake. Kwenye barabara, uchovu ulipoanza, hatua fupi ilijitokeza yenyewe na kuchukua kazi. Wahome alipima nyayo za maili ya ishirini: arobaini na nne, arobaini na nne, arobaini na tatu na nusu. Lakini zile za inchi hamsini na sita hakuziona tena popote barabarani, hata katika maili ya kwanza, kwa kuwa sasa Joram alianza na fupi na kumaliza na fupi. Wahome hakumwambia mtu kwamba hilo lilimhuzunisha.

Siku ya mbio, Agosti 1972, jua lilitoka kali. Saa tatu na nusu walikuwa wamekwisha kufika vijana kumi na wanane. Saa tatu na dakika hamsini na tatu daftari lilikuwa na majina ishirini na tatu, na barabara ya Ahero ilikuwa tupu. Zadock, mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye haraka ya chakula cha mchana cha wageni, alikuja kusimama nyuma ya kiti.

"Mwalimu, hakuna mtu. Tufunge."

"Bado dakika saba, Bwana Mwenyekiti."

"Dakika saba za nani?"

"Za kanuni," Wahome alijibu. Kalamu nyekundu ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Alijijua vizuri. Ikitimia saa nne angeupiga ule mstari tena, hata kama Joram angekuwa yadi tano mbele yake, kisha angeishi na mstari huo. Alimwona Milka ng'ambo ya uwanja, amesimama, leso imefungwa kiunoni, hatazami lango. Alikuwa akiitazama kalamu.

Joram aliingia langoni zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde hamsini. Alikuwa akikimbia, kwa zile hatua fupi za matope, kichwa kimetulia, midomo mieupe kwa vumbi. Watu wachache waliobaki wakapiga kelele. Wahome peke yake hakufurahi. Bado palikuwa na duru moja ya uwanja, yadi mia nne na arobaini, na akili yake ilikwisha kufanya hesabu kabla hajaiomba: kwa hatua za inchi arobaini na nne, duru hiyo ingechukua dakika mbili kamili. Alikuwa amempa mzee hatua ya kumfikisha nyumbani, na hatua hiyo hiyo sasa ingemwacha nje ya mlango kwa sekunde kumi. Kama mpima saa hakuruhusiwa kusema neno.

Joram akaitazama saa kubwa ya mezani. Hakuwa na Makerere wala rula, lakini kwa miaka ishirini na minane alikuwa amejua, kwa miguu yake, ni wapi angekuwa gari likipita. Kwenye kona ya kwanza magoti yakapanda. Wahome aliona kwanza kivuli kikirefuka juu ya majani, kisha akaona paja, kisha mguu ukienda mbele na kutua mbali, na mwingine, na mwingine, kila mmoja ukiangukia mahali pake kana kwamba chini ya majani ya uwanja ule kulikuwa na chuma kilicholazwa kumngojea. Hapakuwa na papara wala kujikokota. Alikuja kama alivyokuja kulikuta lile gari la moshi.

Zadock, aliyekuwa ameishika meza tayari kuiinua, akaiachia. Wahome alisahau kwamba alikuwa na saa mkononi, akakumbuka, akaitazama, akaminya.

"Amefika?" Milka aliuliza kutoka ng'ambo, kwa sauti iliyosikika kote. "Mwalimu, sema! Amefika?"

Wahome alivuta daftari. Aliandika: namba 24, Joram Amolo, saa tatu, dakika ishirini na tisa, sekunde hamsini na mbili. Kisha, chini yake, akapiga mstari mwekundu.

Jumatatu asubuhi na mapema, kabla ya kengele ya shule, alipita uwanjani na baiskeli yake. Umande ulikuwa umelainisha udongo pale kwenye kona ya kwanza, mahali ambapo majani yalikuwa yamekwisha kwa kukanyagwa, na nyayo za vile viatu vilivyokatwa mbele zilikuwa bado zipo. Alifungua rula, akapiga magoti. Alikuwa amefika ya sita alipomsikia mtu akikohoa barabarani. Joram alikuwa amesimama nje ya uzio akielekea kazini, nyundo na spana begani.

"Matope Mdogo," aliita. "Bado unapima?"

"Bado, Mzee."

"Ni ngapi?"

Wahome alifuta miwani kwa ncha ya shati kabla ya kujibu. "Hamsini na sita. Zote."

Joram akaitika kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa njia iko salama, akahamisha nyundo bega la pili, akaelekea relini.